Mjadala: Dana Brody ni mtoto jeuri, au ndiye pekee aliyekuwa mtu mzima nyumbani kwao?

Wadau, kila nikikaa na watu walioitazama Homeland, ile tamthilia ya Marekani iliyoanza mwaka 2011, hukumu ni moja: Dana anakera. Ana mdomo, hamheshimu mama yake, mambo ya kijasusi yakipamba moto yeye huyo anatokea kanuna. Mimi napinga.

Kwa ambaye hakuitazama: Dana ni binti wa Nicholas Brody, mwanajeshi wa Marekani aliyetekwa Iraki akashikiliwa miaka 8. Nyumbani walishaamini amekufa, na mama, Jessica, akawa na uhusiano na Mike, rafiki wa mumewe. Brody anarudi akiwa hai, na Dana siri ya mama anayo, huku anatakiwa atabasamu mbele ya kamera. Utoto wake uliishia hapo, kabla hata mabomu hayajaingia kwenye hadithi.

Wengi wananijibu kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Haya, nani alikuwa anamfunza nani? Mwisho wa msimu wa kwanza Brody, ambaye kumbe magaidi walishamgeuza kule kifungoni, yuko handakini na makamu wa rais, ndani ya nguo kavaa fulana ya mabomu, anakaribia kuilipua. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, wamemkosa. Kinachomzuia ni simu ya Dana, anayembana baba yake mpaka aahidi kwamba atarudi nyumbani.

Msimu wa pili Jessica anagundua mumewe amesilimu, anautupa msahafu sakafuni. Usiku Brody anatoka nje kwenda kuuzika, Dana anamkuta na kumsaidia kufukia. Tuliopita madrasa tunajua uzito wa lile tukio. Dini si yake, lakini ameona kwamba kitu cha baba yake kimevunjiwa heshima.

Halafu ile ajali. Finn, mtoto wa makamu wa rais, anamgonga mwanamke kwa gari na kukimbia, Dana akiwa pembeni yake. Mwanamke anafariki. Wakubwa wanapiga hesabu za siasa, na hata Brody, aliyemfikisha binti yake hadi mlangoni polisi, anarudishwa hapo hapo kwa ajili ya operesheni ya CIA, ambao sasa anawafanyia kazi. Dana anakwenda mwenyewe kwa binti wa marehemu, na huko anaambiwa wameshalipwa wanyamaze, asiwaharibie. Mtoto anatafuta wa kumwambia kosa lake, hapati hata mmoja. Mimi pale nililia.

Labda ni kwa sababu najua jambo hili kwa karibu. Baba yangu alifanya kazi Oman miaka 6. Aliniacha nina miaka 9, akanikuta na 15, nimeshazoea kupanga hela ya sokoni na kuwasimamia wadogo zangu. Yeye alikuwa anamtafuta yule wa miaka 9. Nikifungua mdomo, jeuri. Hakuna aliyeniuliza ile miaka nyumba iliendaje.

Nakubali kwamba kile kipande cha msimu wa tatu cha kutoroka na Leo, mpenzi wake, kilivutwa mno. Hilo ni la waandishi, si la Dana, ambaye wakati huo alikuwa ametoka kujaribu kujiua baada ya baba yake kusingiziwa mlipuko wa makao makuu ya CIA.

Sasa nataka kusikia upande wa pili, hasa kuhusu tukio moja. Dana ameshahama nyumbani, ameacha jina la Brody, anafanya usafi kwenye hoteli ndogo. Baba anamfuata huko. Binti anamwambia hataki kumwona tena. Ninyi mnaosema pale alivuka mpaka: baada ya yote yale, mlitaka amwambie nini?