Fonti nene ya kubanwa, yenye visigino vya mraba, kwa ajili ya benna. Msaada wakuu

Dau la Pangani:
Habari wakuu. Nina kazi ya benna ya mita 3 kwa 1, ni ya mashindano ya ngalawa huku Pangani, mteja anataka maandishi "kama ya mabango ya zamani ya makauboi", yale manene yenye visigino vya mraba juu na chini ya kila herufi. Nikachukua Alfa Slab One maana ni ya bure na naipenda sana, shida imetanuka mno, neno MASHINDANO likijaa upana wote herufi zinabaki na kimo cha kama sentimita 25 tu, benna inaonekana tupu. Nikaibana upana hadi asilimia 60 ndo kimo kikapanda, lakini kila nikiiangalia naona kuna kitu hakijakaa sawa na sikipati ni nini. Kesho saa nne asubuhi napeleka kuprinti. Mnatumia fonti gani?

Plota Usiku:
Mkuu zumu herufi N uiangalie vizuri. Ukibana upana, nguzo za kusimama ndo zinakonda, visigino vya kulala havikondi maana unene wao unapimwa toka juu kwenda chini. Nguzo ya sentimita 10 inakuwa 6, kisigino kiko vilevile. Hapo ndipo jicho lako linapokwama. Fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo haina hilo tatizo, mchoraji alishapima kila kitu upya. Kama kompyuta yako ina Microsoft Office tafuta Rockwell Condensed, mara nyingi inakuja nayo, na boldi yake ipo. Rockwell yenyewe ni ya kampuni ya Monotype ya 1934 na mpaka leo kwa bango sioni ya kuishinda. Ukiikosa chukua Rokkitt kule Google Fonts, weka uzito wa 900, ule mnene kabisa, haijabanwa kama Rockwell ila haijatanuka kama Alfa.

Binti Matbaa:
Kaka Plota kasema kweli, naongeza kidogo tu. Zipo fonti ambazo visigino ni vinene kuliko nguzo kwa makusudi, na nadhani ndizo anazozikumbuka huyo mteja. Mwaka 1845 Robert Besley wa London alitoa fonti ya Clarendon akaisajili isiigwe, ulinzi ulikuwa wa miaka mitatu, ulipoisha kila mwenye karakana ya herufi akatoa ya kwake, baadaye wengine wakaibana na kuvimbisha visigino, ndo ikapatikana ile inayoitwa French Clarendon. Na Marekani herufi kubwa za kuchapia za madini ya risasi zilikuwa nzito na ghali, Darius Wells wa New York akaanza 1827 kuzitengeneza kwa mbao kwa mashine, basi mtu wa matbaa akaweza kuwa na seti nyingi, pana na nyembamba, neno refu anapanga nyembamba, neno fupi anapanga pana, kila mstari unajaa karatasi. Sisi wenye maneno kama MASHINDANO tunahitaji hizo nyembamba kuliko mtu yeyote!

Ila usikimbilie fonti ya Playbill. Aliichora Robert Harling mwaka 1938 kwa ajili ya karakana ya herufi ya Stephenson Blake na ni nzuri, lakini nguzo zake nyembamba. Mwaka jana nilimfanyia mtu bango la duka kwa Playbill, nikivuka ng'ambo ya barabara naona mistari miwili tu, wa juu na wa chini, kama reli, jina la duka halisomeki. Nilirudia kazi nzima kwa gharama yangu na roho iliniuma. Bango la ngalawa watu watalisoma wakiwa kwenye pikipiki.

Mzee wa Stensili:
Vijana mmesahau nafasi kati ya herufi. Hilo neno NGALAWA ni gumu kwa fonti hizi. Angalia LA: L ina kisigino kinatoka kulia, A ina kisigino kinatoka kushoto, vinagusana chini huku juu kumebaki shimo, na huwezi kuzisogeza zaidi. Halafu AWA inataka kuvutwa, mguu wa A uingie chini ya bega la W. Ukiiachia kompyuta utasoma NGAL AWA. Mimi naanza na LA, ile isiyosogezeka, kisha nalegeza NG na GA zilingane nayo, AWA naivuta kidogo tu, sio mpaka zigusane. Na kile kitundu cha juu cha A usikiache kidogo, wino ukitanuka kinaziba, hasa kwenye fulana zinazochapwa kwa skrini. Waombe wakuprintie kipande kwanza kabla ya benna nzima.

Dau la Pangani:
Shikamoo mzee, asanteni sana wote. Rockwell Condensed Bold nimeikuta kwenye mashine ya dada yangu, MASHINDANO imepita sentimita 40 kwenda juu bila kubana chochote, NGALAWA imekaa chini yake. LA imenichukua nusu saa peke yake. Nimeprinti hilo neno la pili kwenye karatasi za A4 nimezibandika ukutani, nimetoka nje hadi kwenye mwembe na nalisoma lote. Kitundu cha A ya mwisho bado nakiona kidogo, naenda kukipanua sasa hivi.