Naomba ushauri: kumpeleka mama Udzungwa

Wakuu habari zenu. Nataka kumpeleka mama Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, tuingilie Mang'ula. Ana miaka 63, shamba bado analima, ila magoti yanamsumbua wakati wa kushuka mlima. Na kule hakuna habari ya kukaa kwenye gari ukapiga picha dirishani, ni mwendo wa miguu tu.

Mimi roho yangu iko Sanje, yale maporomoko ya mita 170. Mdogo wangu anasema nisimtese mama wa watu, tuishie maporomoko ya Prince Bernhard ambako njia ni fupi. Waliofika, hasa mliokwenda na wazazi: ile njia ya Sanje ina ngazi au sehemu za kushikilia? Ikinyesha udongo unateleza kiasi gani? Nimepanga Juni, masika yakishapita. Raba za kawaida zinatosha?

La pili ni mjomba. Kasikia safari akacheka, eti tunalipa kiingilio kuangalia miti wakati vijana hawana mashamba. Hoja ya ardhi siibezi, inauma kweli. Lakini mito inayoshuka milima ile ndiyo inayonywesha bonde la Kilombero, miwa na mpunga. Na kuna kima wa Sanje, asiyepatikana kokote duniani nje ya Udzungwa. Hilo la kima nililitaja, akauliza kama analiwa.

Mnaoishi jirani na hifadhi, mnawajibuje watu kama hawa bila kugombana?