Mawakala wa kampuni za Shelisheli, mlichotuuzia ni faili tu

Wakuu, nimetembea na hasira hizi miezi mingi, leo nazitapika. Kama umekutana na tangazo la "kampuni Shelisheli ndani ya siku mbili, kodi sifuri, huhitaji hata kupanda ndege", soma kwanza kabla hujatuma senti. Nasema Shelisheli nchi, visiwa 115 ndani ya Bahari ya Hindi, si lile tunda. Tunda angalau linashibisha.

Mimi na mwenzangu tunatengeneza programu za kompyuta. Yeye yuko nchi yake, mimi yangu, wateja wetu karibu wote wako Ulaya. Tulitaka kampuni moja isiyoegemea kwake wala kwangu, ankara zitoke mahali pamoja na pesa ziingie mahali pamoja. Basi. (Mnaokuja na "mlikuwa mnakwepa kodi", subirini, nafika huko.)

Kule huwezi kujisajilia mwenyewe. Sheria yao ya mwaka 2016 ya kampuni hizi, yaani zinazosajiliwa kule kwa biashara ya nje, inataka lazima upitie wakala mwenye leseni, na ofisi ya kampuni iwe ndani ya nchi, ambayo kwa kawaida ni anwani ya huyohuyo wakala. Tukampata mmoja, mwepesi wa kujibu kuliko ndugu zangu. Dola 890, kila kitu ndani. Nikamuuliza mara mbili: na akaunti ya benki? "Usijali, tunasaidia." Hilo neno "tunasaidia" lishikeni.

Niseme haki, usajili wenyewe haukuwa na shida. Mkurugenzi mmoja anatosha, mwanahisa mmoja anatosha, anaweza kuwa mtu yuleyule, mtaji wa kuanzia hakuna anayekudai. Kilichotutoa jasho ni vitambulisho. Nakala yangu ya pasipoti ilirudi mara tatu. Mara ya kwanza muhuri wa wakili ulikuwa umenifunika pua kwenye picha. Mara ya pili pua inaonekana, ila wakili hakuandika kwamba ameiona pasipoti halisi. Mara ya tatu pasipoti safi kabisa, lakini bili ya umeme niliyoambatanisha imepitiliza miezi mitatu kwa siku nne. Siku nne! Na kila safari wakili analipwa upya, kifurushi kinatumwa upya.

Mwishowe faili likafika. Jalada gumu la buluu, vyeti vya hisa kwenye karatasi nzito, na kidude cha chuma cha kugandamizia muhuri wa kampuni. Nilikaa mezani nikagandamiza jina la kampuni yetu kwenye karatasi tupu kama mara kumi hivi, nachekelea peke yangu. Sijawahi kukitumia tena mpaka leo.

Maana sasa tafuta benki.

"Tunasaidia" ya wakala ilikuwa orodha ya benki sita aliyotutumia kwa barua pepe. Mbili hazikujibu kabisa. Moja ilitaka twende wenyewe wote wawili, tuweke amana ambayo kama tungekuwa nayo tusingekuwa tunahangaika na faili la buluu. Ya nne, kampuni ya malipo ya mtandaoni huko Ulaya, ilituzungusha wiki tano: mikataba ya wateja, wasifu wa kazi, maelezo ya pesa yangu ya kwanza maishani niliipataje. Halafu ikaja barua ya mistari miwili kwamba nchi ya usajili haimo kwenye nchi wanazohudumia. Wiki tano mmesoma jina la nchi wapi?

Iliyoniuma zaidi ni benki ya kulekule Victoria, mji mkuu wa Shelisheli. Ofisa akauliza kwa upole kampuni yenu inafanya shughuli gani Shelisheli. Hakuna. Mna mteja hapa? Hatuna. Mfanyakazi? Hatuna. "Sasa akaunti hapa mnaitakia nini?" Nikakosa jibu, maana swali ni la haki kabisa.

Nimekuja kuelewa baadaye. Benki ndogo haipitishi dola peke yake, inategemea benki kubwa za nje zimpitishie. Hizo kubwa zikianza kunusa kampuni za makaratasi, zinaweza kumkata mdogo. Kwa hiyo mdogo anakukataa wewe kabla hajakatwa yeye. Wakala anayeuza kampuni hizi kila siku hajui hili? Anajua. Ila cheti kinauzika, akaunti haiuziki.

Tulipopata hatimaye pa kupokelea pesa, kwa makato ya kutisha, ikafika tarehe 17 Oktoba 2023. Umoja wa Ulaya ukairudisha Shelisheli kwenye orodha yake ya nchi zisizotoa ushirikiano kwenye mambo ya kodi. Nasema ukairudisha, kwa sababu walishaiweka Februari 2020 wakaitoa Oktoba 2021. Wakala aliyetuuzia katikati ya 2023 hakutamka hata neno la historia hiyo. Mteja wetu mkubwa yuko Ujerumani. Mhasibu wake akasimamisha ankara mbili palepale, akidai maelezo sisi ni akina nani na kwa nini tuko huko. Februari 2024 nchi ikatolewa tena kwenye orodha. Mteja hakurudi.

Na hiyo "siri" ya wenye kampuni ambayo mawakala wanaiimba? Hisa zisizo na jina, zile ambazo mwenye karatasi ndiye mwenye mali, zilikomeshwa 2013. Tangu sheria ya 2020, wakala anaweka rejista ya wamiliki manufaa, yaani mwenye robo ya hisa au zaidi anajulikana kwa jina, na taarifa zinaingia kwenye kanzidata ya serikali. Benki nazo zinapeana taarifa na mamlaka za kodi za nchi nyingine. Mimi sina tatizo na hayo, ni sahihi. Tatizo langu ni mtu kuniuzia pazia lililokwisha chanika.

Kodi sifuri nayo: kule hawatozi mapato yaliyotoka nje ya nchi yao. Vizuri. Lakini mkurugenzi ni mimi, nimekaa kiti changu nyumbani, naamua kila kitu kutoka hapo. Nchi nyingi zinahesabu kampuni inayoendeshwa hivyo kuwa mkazi wa pale inapoendeshwa, na kodi inadaiwa palepale. Mhasibu wangu alicheka kabla sijamaliza sentensi. Nalipa kodi nyumbani kama kawaida, pamoja na ada za kisiwa ambacho sijawahi kukanyaga mchanga wake.

Aidha, vitabu. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yanataka kumbukumbu za hesabu zifikishwe kwa wakala mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, na ukizembea faini inaweza kufika dola 10,000. Kwenye ile "kila kitu ndani" hili halikuwemo. Limekuja na ankara yake, jina lake "huduma ya uhifadhi". Wanahifadhi PDF mbili.

Sasa nimechoka, nataka kuhama wakala. Jibu lao: lipa kwanza ada ya mwaka ujao, kisha "ada ya uhamisho" dola 450, ndipo waachie nyaraka. Hiyo ada haimo kwenye mkataba niliosaini, nimeusoma jana usiku mara mbili na miwani. Kuna aliyewahi kuhama bila kuilipa? Na kama ni kuifunga kabisa, ulianzia wapi, na ilikugharimu kiasi gani? Kidude cha muhuri namgawia bure atakayejibu vizuri.