Wakuu naombeni ushauri: leza ya macho, ya kifuniko au ya tundu dogo?

MachoManne: Habari zenu wakuu. Navaa miwani tangu darasa la tatu, sasa hivi nipo -6.5 macho yote na nimechoka. Nataka ile leza ya femtosekunde. Nimeambiwa ziko aina mbili, moja wanakata kifuniko juu ya konea (ile ngozi angavu ya mbele ya jicho) halafu leza nyingine inachonga chini yake, ya pili wanakata kipande kama kilensi humohumo ndani wanakivuta kwa tundu dogo. Nichague ipi? Usingizi sipati, siku ya nne hii. Msinitukane tafadhali.

Kijiwe_Mkuu: Baki na miwani mkuu, siku ukiona vizuri ndo utajua shemeji anavyokuangaliaga 😂

BiMkubwa: Mwanangu, jicho umepewa na Mungu halafu mtu akuchome moto unaita maendeleo? Mdogo wangu aling'olewa jino tu, jino, akavimba wiki nzima, na yule aliyemng'oa akawa hapokei simu, mpaka leo anatafunia upande mmoja.

Mpiga_Mwanga: Shikamoo Bi Mkubwa, ila sio moto. Sekunde moja igawe mara milioni bilioni, kipande kimoja ndo femtosekunde. Mwanga wenyewe ni infraredi, ule usioonekana kwa macho, unapita kwenye konea bila kugusa kitu hadi pale ulipokusanywa, hapo ndo unabanana kiasi tishu inageuka plazima, yaani gesi yenye chaji za umeme, na kutoa kipovu. Pembeni joto halipati muda wa kusambaa. Vipovu vingi vikipangwa karibukaribu ndo mkato. Mimi nipo maabara, kwa leza za aina hii watu wanakata uzi wa neva moja ndani ya mnyoo aliye hai, 2004 walikata wakaona neva inaota tena, mnyoo anarudi kutembea, siku ya kwanza kuona nilisahau hata kula.
Turudi kwako mkuu, konea yako ina unene gani? Hujasema.

MachoManne: Ya kawaida tu. Daktari wa pili kasema niko sawa.

Kijiwe_Mkuu: Wa PILI? Wa kwanza tumemzika wapi?

MachoManne: Wa kwanza alikataa. Alisema konea nyembamba, na kwenye ramani ya jicho la kushoto sehemu ya chini imechomoza kidogo. Ila ni mzee yule, nikaona hana habari na mambo ya kisasa. Halafu huyu wa pili nimeshamlipa kianzio, na hakirudi.

Shaka_Tupu: Hii chai. Mtu hulali siku nne, umeshalipa, umeshakataliwa, unakuja kuuliza "nichague ipi"? Wewe mpiga debe wa kliniki, kesho utatuletea jina na namba ya simu.

Kijiwe_Mkuu: Hata mimi nilinusa tangawizi.

BiMkubwa: Mwacheni mtoto wa watu. Ila mwanangu, kama unadanganya useme mapema nikalale.

MachoManne: Chai ya nini jamani?? Karatasi ninayo mkononi, unene kulia mikroni 488, kushoto 471 (mikroni elfu moja ndo milimita moja). Daktari amesema leza za sasa zinakata kwa usahihi wa mikroni chache kwahiyo unene sio ishu.

Mpiga_Mwanga: Iwe chai iwe maji, nazijibu hizo namba. Kifuniko kinakula kama 110, kuchonga -6.5 kunakula 80 hadi 100, kwenye 471 unabaki na 260 hadi 280 hivi. Kima cha chini kinachotajwa ni 250, kwahiyo hesabu inapita kwa kubanwabanwa, labda ndo maana wa pili kakubali. Kinachonitisha ni kule kuchomoza. Inaweza kuwa dalili ya keratokonasi, konea inalegea yenyewe, ukiipunguza inazidi kusukumwa nje na presha ya jicho. Msumeno mkali hausaidii kama ubao wenyewe umelegea. Unasuguaga macho?

MachoManne: Sana, nina aleji.

Mpiga_Mwanga: Acha kuanzia sasa hivi. Yule mzee mrudie. Ikithibitika, kuna tiba ya matone ya vitamini B2 na mwanga wa UVA (aina ya miale ya urujuanimno), inakaza konea isiendelee, miwani haikuondolei lakini jicho linabaki. Swali lako la kifuniko au tundu linakuja baada ya hapo, kama litakuja.

Shaka_Tupu: Mnamjibu kabisa yaani. Sawa.

MachoManne: Nimewaelewa wakuu, asanteni, nitalifikiria. Swali la mwisho tu, asubuhi nikienda naweza kuwa nimevaa lensi zangu za jichoni au nizitolee hukohuko?

Mpiga_Mwanga: Asubuhi ipi?

Kijiwe_Mkuu: KUMBE NI KESHO 😳

Mpiga_Mwanga: Na hata siku ile ya kupimwa ulienda umezivaa? Lensi laini zinatolewa wiki moja mbili kabla ya kipimo, zinabadilisha umbo la konea. Mkuu?

BiMkubwa: Mwanangu bado upo?