Moto wa milele: kipimo halali au lumbesa?

Mleta mada: Wakuu, juzi nilikuwa mwaloni Kirumba kwa mama mmoja anayepima dagaa kwa sado. Kajaza, kasawazisha kwa kiganja, akatupia gao moja la nyongeza. Mteja akataka tena. Mama akafunika ndoo: "Hapo sasa unanionea."

Mtu katenda dhambi miaka 70, anachomwa bila mwisho. Nani anamwonea nani?

Mtakatifu Thomas wa Akwino, karne ya 13, alijibu kwamba anayemwacha Mungu kaacha wema usio na mwisho, na kosa huwa zito kadiri ya aliyekosewa. Mimi naona hiyo ni lumbesa: gunia limeshajaa, bado linashonewa kilemba.

Mkatoliki wa Nyakahoja: Mkuu, unachanganya urefu na ukali. Soma Luka 12:47-48: mtumwa aliyejua atakalo bwana wake akapuuza anapigwa sana, asiyejua anapigwa kidogo. Thomas huyohuyo anafundisha kwamba walioko motoni hawaumii sawa. Kipimo kipo.

Mleta mada: Kidogo kisichokwisha, ndugu yangu? Mwaga sado moja kila siku bila kuacha, uone kama kuna ghala Mwanza hii litakalotosha. Ukali tofauti haunisaidii kama hesabu haifungwi.

Ostadhi: Sisi kwenye Kurani tuna sura ya Al-An'am aya ya 160: jema moja hulipwa mara kumi, baya hulipwa mfano wake tu. Lumbesa hapo haipo. Muumini mwenye madhambi, kwa Sunni, hatimaye hutolewa motoni. Kwa aliyekufa na shirki, yaani kumshirikisha Mungu na kingine, wanazuoni wengi wanasema hakuna mwisho, na baadhi yao hujenga hoja juu ya nia: angeishi milele, angeendelea vilevile milele. Mwanazuoni Ibn al-Qayyim, karne ya 14, aliandika kwa kirefu hoja za wanaosema moto wenyewe utakuja kuzimika, ila jumhuri, yaani wanazuoni walio wengi, hawakukubali.

Mleta mada: Shukrani Ostadhi. Hoja ya nia ina nguvu kuliko ile ya Thomas ya cheo cha aliyekosewa, maana angalau inamwangalia mkosaji mwenyewe. Ila watu hubadilika. Mimi wa miaka 20 na mimi wa leo tusingekaa mtumbwi mmoja. Sasa kijana wa Igombe aliyezama na miaka 19, hajatulia hata kuchagua mke, hiyo nia yake ya milele imepimwa kwa sado gani?