Mrejesho: Madirisha ya ziada sebuleni

Wakuu, niliuliza kama niongeze madirisha mawili ukuta wa magharibi, nyumba ya Dar es Salaam ikiwa imeshafungwa linta (mkanda wa zege lenye nondo juu ya madirisha na milango). Asanteni sana. Magharibi nimeacha: jua la alasiri lingepasha sebule hadi usiku. Nimeongeza moja tu kusini, futi 5 kwa 4, likitazamana na la kaskazini, upepo wa kusi uingie huku utokee kule. Fundi amekata tofali chini ya linta, nondo hazikuguswa, na pembeni umebaki ukuta wa futi 2. Kumbukeni dirisha la slaidi (vioo viwili vya kusukuma pembeni) hufunguka nusu tu, hivyo upepo hupita nusu hiyo. Plasta ya chini ya fremu imelazwa kuelekea nje. Ikiwa bapa, maji ya mvua hupenya ndani.