Eti "kachunge mbuzi"! Huyu mtu wa humu leo kanivuruga

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule yule mjuaji wa kila kitu, kuanzia bei ya mchele hadi vita vya Ulaya. Sasa hivi kwenye ule uzi wa kupiga kura nimesema kwa heshima zote kwamba kura moja inaweza kumwangusha kigogo. Akaibuka: "Kura moja haijawahi kumwangusha mtu duniani. Kachunge mbuzi." Chini kapanga vikatuni vya kucheka, nimeshusha skrini hadi kidole kimepata sugu.

Kachunge mbuzi! Mimi! Mama mkwe wangu anasoma humu!

Nikamwekea Nathdwara, kiti cha bunge la jimbo la Rajasthan, India, uchaguzi wa 2008. C. P. Joshi, mwenyekiti wa chama cha Congress Rajasthan nzima, mtu aliyekuwa anatajwa kuwa waziri kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya jimbo, kapata kura 62,215. Kalyan Singh Chouhan wa chama cha BJP, 62,216. Moja! Congress ikaongoza kwa viti 96 kati ya 200 na kuunda serikali, yeye yuko nje, kiti cha uwaziri kiongozi kakalia Ashok Gehlot. Magazeti ya kwao yakaandika kwamba hata dereva wake hakupiga kura. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu.

Kajibu nini? "Mbuzi wanaingia shamba la watu, wahi." Na watu wazima na akili zao wanamgongea like! Mtu ana namba mbele ya macho, anakutuma machungani. Silali leo.

Kisiki_Mkavu: Pole mkuu. Ila mbuzi umewaacha na nani?

Mtoto wa Tandale: 😂😂😂 Uzi ufungwe.

BintiMwanakombo: Mtoa mada yuko sahihi, acheni utoto. Na si Nathdwara tu. Santhemarahalli, Karnataka, 2004: Dhruvanarayana wa Congress 40,752, Krishnamurthy wa chama cha JD(S) 40,751. Hapo napo inasemekana dereva wa aliyeshindwa hakupata nafasi ya kwenda kupiga kura.

Mtoa mada: ASANTE DADA! Mwambie na yeye! Mimi naambiwa kachunge mbuzi!

Fundi_Bomba: Kumbe tatizo la India ni madereva.

Kisiki_Mkavu: Mkuu beberu wa kienyeji unatoa bei gani?

Mzee wa Kahawa: Tuivawl, Mizoram, 2018, tofauti kura 3. Lakini nyie mnalia na India, huyo huyo mnayemsema ana elfu hamsini yangu ya simu tangu Mfungo wa Ramadhani. Nikimpigia anakata.

Fundi_Bomba: Hata wewe? Mimi kanikopa jenereta.

Mtoa mada: Jamani turudi kwenye mada. Kanitukana mbele za watu.

Wakala_Mstaafu: Kura zenyewe mnazibishania, sisi tuliozilinda nani anatukumbuka? Nimekaa kituoni toka alfajiri mpaka fomu za matokeo zinasainiwa, posho ya chama hadi leo "inashughulikiwa".

BintiMwanakombo: Afadhali nyie mliahidiwa. Sisi tuliletewa wali mkavu saa kumi jioni, maharage yamechacha.

Mtoto wa Tandale: Mlipata maharage?! Kituo chetu ilikuwa andazi moja watu wawili.

Wakala_Mstaafu: Na maji mnunue wenyewe.

BintiMwanakombo: Tena ya moto.